Nani aliijenga benki ya wilayani? Tawi la Mbinga na watu wake, toka NBC hadi NMB

#1 Mtoto wa Keshia (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa hisa mdau mmoja kaandika kwamba benki ya NMB "ilijengwa na Waholanzi mwaka 2005". Nikaanza kumjibu kule kule, jibu likarefuka, nikaona bora nifungue uzi wake. Rabobank ya Uholanzi na wenzao walichukua asilimia 49 ya hisa mwaka huo, hilo halina ubishi. Lakini walikuta nyumba ina watu, ina wateja, ina foleni mpaka nje ya mlango. Nataka kuwaongelea hao waliokutwa. Nitatumia tawi la Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa sababu ndilo nililokulia nyuma yake, baba yangu akiwa keshia. Majina ya watu sitaji, wengi wazima na ni majirani zetu.

Tuanzie kabla ya 1967. Biashara ya benki Tanganyika ilikuwa mikononi mwa tatu kubwa za Kiingereza: Standard, Barclays D.C.O. na National and Grindlays, na nyingine ndogo ndogo kama Bank of India na Bank of Baroda. Matawi yao yalifuata bandari, reli na mashamba ya walowezi. Kwetu Umatengoni, yaani nchi ya Wamatengo huko Mbinga, hakukuwa na bandari, reli wala mlowezi wa maana. Mtu akiuza kahawa alilipwa taslimu na chama cha ushirika, pesa ikaenda kwenye sanduku, au kwa mjanja kidogo, kwenye kitabu cha akiba cha posta.

Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari 1967. Kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kutaifisha benki. Zikaunganishwa ikazaliwa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, na Amon Nsekela akawa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza. Benki za Uingereza ziliwaondoa maofisa wao, kwa hiyo karani aliyekuwa jana anaandika leja chini ya bosi Mzungu, leo anaambiwa wewe ndiye bosi, funguo hizi. Watu wanaisimulia 1967 kwa hotuba. Mimi naona kazi ilikuwa asubuhi ya pili: nani anajua kufunga mahesabu ya jioni yakalingana?

Baada ya hapo NBC ikasambaa wilayani. Mahali pengine ilianza kama wakala tu, chumba kimoja kinachofunguliwa siku chache kwa wiki, watu na pesa wakitoka tawi kubwa kwa gari na askari. Sehemu zenye zao la biashara, wakala ulikua ukawa tawi kamili.

Naendelea chini, simu inaisha chaji.


#2 Kijana wa Kitaa

Nimeweka kiti. Endelea mkuu.


#3 Mtoto wa Keshia

Tawi dogo la enzi hizo lilikuwa na watu wachache: meneja, mhasibu wa tawi, makarani wa leja, keshia mmoja au wawili, mpiga chapa, tarishi, na walinzi. Vijana mnaotoa pesa kwa kubonyeza simu ngoja niwaeleze njia aliyopita mtu kuchukua shilingi 200 zake.

Unaingia, unajaza karatasi ya kuchukulia pesa, unaikabidhi pamoja na kitabu chako cha akiba. Karani anatoa kadi yako ya saini kwenye droo, analinganisha. Kama hujui kuandika, ni dole gumba, na lazima awepo wa kukushuhudia. Karani wa leja anafungua jitabu zito, anatafuta ukurasa wako, anapunguza salio kwa kalamu. Karatasi inapelekwa kwa mhasibu, naye anakagua na kuweka saini ya mkato. Ndipo inamfikia keshia. Muda wote huo wewe umekaa kwenye benchi unasubiri kuitwa. Mtu mmoja, mikono minne. Kila mkono ulikuwa unamkagua uliotangulia, na ndiyo sababu ya ule ucheleweshaji mnaoulalamikia.

Jioni mlango ukifungwa ndipo kazi ngumu ilianza. Keshia anahesabu noti, anafunga mabunda, analinganisha na karatasi zote za siku. Ikipungua ni "shoti", ikizidi ni "ova". Msidhani ova ilikuwa neema: maana yake kuna mteja kapunjwa au kuna karatasi imepotea, na hamwondoki mpaka ijulikane. Shoti ilikatwa mshahara. Nyumbani tulikuwa tunajua siku ya shoti kwa jinsi baba alivyofungua geti.

Na mkumbuke, mpaka katikati ya miaka ya 1980 noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya shilingi 100. Ya 200 imekuja 1986, ya 500 mwaka 1989, ya 1,000 mwaka 1990. Hebu pigeni hesabu ya msimu wa kahawa wilaya nzima inalipwa kwa noti za mia na za ishirini, zinahesabiwa kwa vidole na sifongo ya maji.

Sefu ilikuwa na funguo mbili, watu wawili tofauti, hakuna mmoja anayeweza kufungua peke yake. Mwenye ufunguo akiugua au akifiwa, makabidhiano yanaandikwa na kushuhudiwa kwanza, ndipo aende. Baba alishazika ndugu wa karibu kwa kuchelewa kwa ajili hiyo.


#4 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi umenirudisha mbali. Mimi nimefundisha vijiji vya juu, upande wa Litembo. Mwisho wa mwezi tulishuka mjini walimu kwa makundi, wengine kwa miguu, wengine kwenye lori la mzigo. Barabara ya enzi hizo wenyeji mnaijua, wakati wa mvua gari la Songea lilikuwa linalala njiani. Lami ya Peramiho hadi Mbinga, ile kilomita 78 ya fedha za Wamarekani wa MCC, imekuja sisi tumeshazeeka.

Makarani walitujua kwa shule zetu. "Mwalimu wa fulani, mwenzako jana amechukua, wewe umechelewa una nini?" Kuna waliokuwa wanawasomea wazee kitabu cha akiba kwa Kimatengo, taratibu, mstari kwa mstari. Na kulikuwa na wazee wa kahawa ambao hawakuiamini hesabu ya kwenye karatasi. Mzee anakuja, anadai pesa zake zote zihesabiwe mbele yake. Keshia anazitoa, anahesabu mpaka ya mwisho. Mzee anatikisa kichwa, anasema "haya, zirudisheni ndani," anaondoka. Kesho kutwa anakuja mwingine na lile lile. Keshia mwenye moyo mwepesi angeacha kazi.


#5 Mtoto wa Keshia

Shikamoo mwalimu. Hao wazee baba aliwasimulia mpaka anazeeka. Alisema ukimkatalia mmoja, wiki hiyo hiyo wanakuja kumi kufunga akaunti.


#6 Mhasibu Mkavu

Uzi mtamu lakini mnapamba mno. NBC ilikuwa shimo. Benki moja karibu nchi nzima, mteja hana pa kwenda, karani anakunywa chai foleni imejaa. Mikopo mibovu ikaifilisi, mpaka mwaka 1991 serikali ikaunda LART kwenda kukusanya madeni yaliyoshindikana. Tume ya Nyirabu, iliyochunguza mabenki, ilishasema mfumo mzima umekwama, ndiyo ikaja sheria ya 1991 ya kuruhusu benki binafsi. Hao watumishi mnaowasifia walikuwa wapi wakati pesa inayeyuka?


#7 Mtoto wa Keshia

Mkuu, shimo lilikuwepo, sikubishii. Tuulizane lilichimbwa dirisha gani.

Tawi la wilaya lilipokea akiba, likalipa mishahara, likatoa pesa za kununulia mazao. Mikopo mikubwa haikuamuliwa pale. Iliamuliwa juu, kwa mashirika ya umma na vyama vikuu vya ushirika, na mara nyingi uamuzi wenyewe ulikuwa wa kisiasa: zao lazima linunuliwe, mkulima lazima alipwe, benki toa. Ushirika wenyewe ulivunjwa 1976, mamlaka za mazao zikachukua nafasi, halafu sheria ya 1982 ikaurudisha. Kila ukivunjwa na kurudishwa deni linabaki linamtafuta mwenyewe.

Kwetu mfano ni MBICU, chama kikuu cha Mbinga. Miaka ya mwisho ya 1980 watu walikuwa na pesa, msione sasa hivi. Kahawa ya Umatengo ilijenga nyumba za matofali ya kuchoma mpaka vijijini milimani. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika, mgawo wa nchi na nchi ukaondoka, bei ya dunia ikaporomoka. Chama kinadaiwa kwa bei ya jana, kinauza kwa bei ya leo. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, mkulima akamuuzia anayelipa papo hapo, na aliyekopeshwa pembejeo hakuona sababu ya kupeleka kahawa chamani. MBICU ikafa na madeni yake. Karani wa leja alifanya nini hapo? Aliandika kwa wino mwekundu kile alichoambiwa aandike.

Kuhusu chai na foleni, hapo umenibana. Majivuno yalikuwepo. Benki ikiwa moja, hata tarishi ni mheshimiwa.


#8 Mhasibu Mkavu

Kuna hili pia hujaligusa: hesabu za tawi na tawi. Hundi ya Dar ikifika Mbinga ilikaa wiki ngapi? Mtu anatumiwa pesa kwa simu ya maandishi (telegramu), zinakaa kwenye kitabu cha tawi moja, kitabu cha tawi la pili hazipo. Hiyo si siasa, huo ni uzembe wa ofisini.


#9 Karani wa 97

Niingilie hapa, maana hayo mahesabu ya matawi nimeyafanya kwa mikono yangu, mkoa mwingine lakini kazi ile ile.

Pesa za simu ya maandishi zilikuja na namba ya siri. Kitabu cha kuihakiki kilikaa ndani ya sefu. Namba isipolingana hulipi hata kama aliyesimama mbele yako ni mkwe wako. Halafu karatasi yenyewe ya kuthibitisha ikaja kwa posta, baadaye sana. Tawi la mpakani na makao makuu Dar hawakuwahi kuwa na kitabu kinachofanana siku moja. Kompyuta hazikuwepo, simu za kuzungusha zilikatika. Uzembe ulikuwepo, lakini hata malaika angechelewa kusawazisha kwa mtindo ule.

Ninachotaka kusema hasa ni 1997, maana mleta uzi bado hajafika.

NBC iligawanywa. Upande mmoja NBC (1997) ikabaki na matawi ya mijini na wateja wakubwa. Upande wa pili ikaundwa NMB, ikapewa matawi 95 hivi, mengi ya wilayani. Ya tatu NBC Holding, ya kubeba mabaki. Kwa maneno ya korido zetu: kuna waliopelekwa kwenye benki, na kuna waliopelekwa kwenye mzigo. Miaka iliyotangulia wenzetu wengi walikuwa wameshapunguzwa na matawi kadhaa kufungwa, kwa hiyo barua yoyote ya kaki ikifika mtu anakaa kwanza ndipo aifungue.

Watu wa matawi madogo hatukuhama popote. Tulilala NBC, tukaamka NMB. Jengo lile, kaunta ile, sefu ile, wateja wale wale wanauliza "kitabu changu bado kizuri?" Tukawajibu kizuri, na sisi wenyewe hatuna uhakika.

Na mwanzoni NMB haikuruhusiwa kukopesha. Ipokee akiba, ilipe mishahara, ihamishe pesa, basi. Ndipo mwaka 1999 wakaletwa washauri wa kampuni ya Kimarekani ya DAI kuiendesha, na mikopo midogo midogo ikaanza kutoka. Mtu aliyekuwa karani wa leja miaka yote akaambiwa atoke nje ya kaunta, aende sokoni akaangalie genge la mama ntilie, ahesabu masufuria, aulize mauzo ya siku, aandike kama anafaa kukopeshwa. Wengine walishindwa, walizoea mteja aje kwao. Waliobaki wakajifunza, na nawaambia ukweli, mama ntilie walikuwa wanalipa.

NBC ilinunuliwa na ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, asilimia 55. Huo ulionekana ndio mkate. Mzigo, yaani NMB, ukauzwa sehemu 2005, ukaingia soko la hisa la Dar es Salaam 2008, leo ndio huo mnaogombania gawio lake. Matawi ya wilayani yaliyoonekana hasara ndiyo yaliyokuwa na kila mwalimu, kila nesi, kila polisi wa wilaya kwenye leja. Mgeni angeanza leo kulitafuta hilo kundi angetumia miaka mingapi?


#10 Mtoto wa Keshia

Asante sana mkuu #9, hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naizunguka tangu juu na umeieleza kuliko mimi. Mshahara wa serikali ulipitia pale, na mshahara ndio dhamana ya mkopo usiopotea.


#11 Mama Mjasiriamali

Naomba kuuliza, wanawake walikuwepo? Hadithi yote ni baba, mzee, mkuu.


#12 Karani wa 97

Walikuwepo dada yangu. Kwenye matawi ya wilaya niliyopitia, mwanzo wengi waliwekwa kupiga chapa na dirisha la akiba. Ukeshia ulikuja baadaye, na kisingizio kilikuwa eti mabegi ya pesa mazito na safari za usiku. Mwenzangu mmoja wa dirisha la akiba ndiye aliyetufundisha sote kuutambua uso wa mtu kabla ya saini. Mume akija na kitabu cha mkewe kutaka kuchukua pesa, alimtazama, akamuuliza "mwenyewe yuko wapi?" na hapo mjadala umeisha. Wanawake wa soko walikuwa hawaendi dirisha lingine.

Kwa ngazi za juu imechukua muda: NMB imepata mkurugenzi mtendaji mwanamke Mtanzania mwaka 2020, Ruth Zaipuna.


#13 Mwalimu Mstaafu

Mmeisahau benki yetu wenyewe, Benki ya Wananchi Mbinga. Watu walichangia hisa kwa kujivuna, kwamba sasa tunayo ya kwetu, haina makao makuu Dar.


#14 Mhasibu Mkavu

Hiyo ni somo la mtaji, mwalimu. Benki Kuu ilipandisha kiwango cha chini cha mtaji kwa benki za wananchi kutoka shilingi milioni 250 mpaka bilioni 2, ikatoa muda wa kufikia. Ya Mbinga ikafutiwa leseni Mei 2017. Januari 2018 zikafuata tano kwa mpigo: Njombe, Meru, ya wakulima Kagera, Efatha na ile ya wanawake ya Covenant. Bodi ya Bima ya Amana wakati huo ililipa mwisho milioni moja na nusu kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo akasubiri mufilisi auze mali.

Ukweli ambao watu wa uzi huu hamtaupenda: tawi dogo la benki kubwa lina mama wa kulibeba likiyumba. Benki ndogo iliyojitegemea wilaya moja, zao moja, bei ya kahawa ikianguka wakopaji wote wanaanguka siku moja. Ndiyo maana ya ushirika ya Kilimanjaro na ile ya Tandahimba zimeungana kuwa Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Peke yao wasingefika mbali.


#15 Mtoto wa Keshia

Hapo tunakubaliana kabisa. Naongeza moja. Hata tawi la benki kubwa lilibebwa kwa kodi. NBC ilivyokaribia kuzama, serikali ndiyo iliyojaza pengo kwa hati fungani na madeni mabovu yakawekwa pembeni. Mkulima wa Mbinga aliyeweka akiba yake kwenye kitabu hakupoteza, lakini aliilipia kwa mlango wa nyuma.


#16 Kijana wa Kitaa

Sisi tumekuta M-Pesa ya 2008, baadaye mawakala kila kona. Mwezi uliopita nimeingia ndani ya tawi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kubadilisha jina tu kwenye akaunti. Ukumbi mkubwa, wateja wachache, mlinzi ndiye aliyenisalimia. Swali langu ni la kweli: marehemu babu ameacha sandukuni kitabu cha akiba cha NBC, mihuri ya miaka ya 1980, salio shilingi 2,340. Kuna kitu humo?


#17 Karani wa 97

Kipo na hakipo. Mwaka 1984 hizo zilikuwa pesa za mtu, mshahara wa kujivunia. Leo ni soda mbili tatu, na akaunti isiyoguswa miaka mingi huwa inahamishwa kwenye fungu la amana zisizodaiwa. Nauli ya kulifuatilia itazidi salio.

Ila kama mna mirathi mnaifungua kwa mambo mengine, kiwekeni kwenye orodha. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, aende na barua yake, cheti cha kifo na kitabu chenyewe. Kwanza tazameni muhuri ni wa tawi gani, halafu ulizeni tawi hilo liliangukia wapi mwaka 1997. Kama ni la wilayani anzeni NMB. Kama ni la mjini, NBC. Msiende makao makuu kabla ya kupita tawini.


#18 Kijana wa Kitaa

Muhuri ni wa Mbinga. Na pembeni ya kila mstari kuna saini moja ya mkato, imejirudia karibu kitabu chote.


#19 Mtoto wa Keshia

Piga picha ukurasa mmoja, funika namba ya akaunti na jina la babu, uweke hapa.